Kabla ya Usaili wa Chuo cha Uuguzi

MJUKUU: Bibi, chuo cha uuguzi kimeniita kwenye usaili. Majibu nimeshayakariri.

BIBI: Kwa nini unataka uuguzi?

MJUKUU: Tangu utotoni napenda kusaidia wagonjwa.

BIBI: Hilo kila mtu atalisema. Babu yako alipopata kiharusi, nani alikaa naye wodini?

MJUKUU: Mimi. Nilimlisha uji, nikamwogesha. Muuguzi wa zamu akanionyesha namna ya kumgeuza kila baada ya saa 2, asitoke vidonda.

BIBI: Waeleze hayo. Wanataka kujua kama kazi hii umeiona, harufu yake na usiku wake, na bado unaitaka.

MJUKUU: Na ile D yangu ya Fizikia?

BIBI: Stashahada inadai angalau D za Kemia, Biolojia, Fizikia na somo jingine moja. Unayo, usiionee haya wala usimsingizie mwalimu. Sema unafanya mazoezi ya hesabu, maana dozi na matone ya dripu ni hesabu tupu. Ujizoeze kujibu kwa Kiingereza pia, ndiyo lugha ya darasani. Haya, tuseme basi limeanguka mlima Kitonga, majeruhi wamefikishwa hapa Ilula. Wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mmoja anavuja damu mguuni. Utafanya nini?

MJUKUU: Nitamchoma sindano ya maumivu.

BIBI: Nani kakuagiza? Vaa glovu, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, paza sauti kuita muuguzi, na usiondoe mkono kidondani mpaka afike. Wanaosaili humwogopa sana mwanafunzi anayejifanya anajua.

MJUKUU: Nimeelewa, bibi.

BIBI: Sasa umemkuta jirani yetu wodini. Jioni mama yako anakuuliza, anaumwa nini?

MJUKUU: Nitamwambia mama tu.

BIBI: Hata mama yako! Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, mwanangu, nimeona siri ya mama mmoja ilivyotoka. Ilula hii sote tunakutana mnadani kwenye nyanya na vitunguu. Neno likishafika pale halirudi. Yule mama hakukanyaga tena kliniki, mimba iliyofuata akajifungulia nyumbani.

MJUKUU: Na mama akinikasirikia?

BIBI: Akasirike. Mwambie aende kumjulia hali jirani yake, amuulize mwenyewe.