Kete Mchangani: Kuhesabu kwa Michezo
Kijitabu kwa walimu na wazazi wa Msimbati

Mtoto wa Msimbati haingii darasa la kwanza mikono mitupu. Amekwisha kucheza mdako, amesaidia kuokota korosho, amechuchumaa pembeni wazee wakicheza bao. Tangu mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapa tunazungumzia kuhesabu, maana vifaa vyake tunavikanyaga kila siku.

Swali kabla ya kete

Chimbeni mashimo 8 kwa mstari mmoja, chini ya mkorosho au ufukweni. Weka kete 4 katika shimo la tatu. Kabla mtoto hajazigusa, mwulize: ya mwisho itaangukia shimo gani? Wengi watabahatisha, waache. Sasa azigawe moja moja: la nne, la tano, la sita, la saba. Mpe kijiti aandike mchangani 3 + 4 = 7. Rudieni kwa kete 2, kisha 5, mpaka aweze kutaja shimo kabla ya kucheza.

Tunalisisitiza sana swali hilo la mwanzo. Watoto wanaweza kucheza asubuhi nzima na kufurahi, lakini hesabu huanza pale mtoto anapolazimika kufikiri kete ikiwa bado mkononi.

Waliozoea waende kwenye bao kamili: mistari 4, mashimo 32, kila shimo kete 2. Mstari mmoja una kete 16, bao zima 64. Hapo kuna kuzidisha na kugawanya kwa wiki kadhaa. Mtoto akilala, yaani kete yake ya mwisho ikiangukia shimo tupu na zamu yake ikaisha, aeleze mwenyewe kwa nini amelala.

Lugha ya nyumbani

Kwa Kimakonde cha asili, sita husemwa tano na moja, saba ni tano na mbili. Bibi anayehesabu hivyo ni msaada mkubwa kwa mwalimu: mwombeni aje darasani. Mtoto aweke kete 5 upande mmoja na 2 upande wa pili, ataiona saba ilivyoundwa.

Tahadhari

Komwe ndizo kete bora: ngumu, laini, hazivunjiki. Korosho zenye maganda zinafaa pia, ila mtoto asizing'ate, kwani mafuta ya ganda hubabua midomo. Msichukue simbi wala kauri hai majini. Tangu mwaka 2000 eneo letu limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Darasa likiwa na watoto wengi, kila wanne wachimbe bao lao. Kipindi kikikaribia kuisha, warudishe kete wakizipanga kumi kumi: mafungu 6, na 4 za ziada. Kundi lenye 63 litafute ile moja mchangani kabla kengele haijalia.