Penye Wazee: Mwanasaikolojia na Akili ya Uzeeni

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini je, ndugu msomaji, neno likimharibikia mzee mwenyewe? Shosho anauliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa. Guka anatoka usiku akitafuta shamba aliloliuza zamani. Hapa kwetu Murera, na kote kati ya Ruiru na Thika, utasikia watu wakisema, "Ni uzee tu huo," au vibaya zaidi, "Amerogwa." Somo letu la leo linahusu watu waliokataa majibu hayo mawili, yaani watafiti wa saikolojia ya uzee.

MWANASAIKOLOJIA NI NANI?

Wengi wetu huchanganya mambo hapa. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kwa hivyo huandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea jinsi watu wanavyofikiri, wanavyokumbuka, wanavyohisi na wanavyotenda. Yeye hupima, hushauri na hutafiti, lakini hatoi dawa. Ukipanda matatu ya kwenda Nairobi utaipita Hospitali ya Mathari kando ya barabara ya Thika, iliyoanza mwaka wa 1910. Huko utawakuta wote wawili wakifanya kazi pamoja. Kwa hivyo usicheke ukisikia mtu akitaja Mathari. Ni hospitali kama nyingine.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka wa 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mgonjwa wake aliyekuwa amefariki. Ugonjwa huo ukapewa jina lake. Huo ndio chanzo kikubwa cha demensia, hali ambayo kumbukumbu, lugha na uamuzi wa mtu hudidimia hadi anashindwa kujitegemea. Kusahau ulikoweka miwani si demensia. Kusahau miwani ni ya kazi gani, hapo pana jambo. Shirika la Afya Duniani husema watu zaidi ya milioni 55 wana hali hii, na wengi wao wako katika nchi zisizo na utajiri mwingi. Nayo sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha Kenya ina wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.7. Hesabu hiyo si ndogo jamani!

KIPIMO KILICHOWAONEA WAZEE

Je, utampimaje mtu akili? Mwaka wa 1975 wataalamu wa Marekani walitoa kipimo cha alama 30 ambacho kimetumika dunia nzima. Mgonjwa huambiwa atoe 7 katika 100, atoe 7 tena, na tena. Huambiwa aandike sentensi na anakili mchoro. Hebu sasa mpe kipimo hicho ajuza ambaye hakuingia darasani hata siku moja, ingawa anajua deni la kila mteja wake sokoni bila daftari. Atapoteza alama nyingi, na mtu atasema ni mgonjwa, kumbe alichokosa ni kalamu tu.

Tatizo hili ndilo lililowafanya watafiti wakune vichwa. Katika miaka ya 1990, utafiti uliolinganisha Ibadan, Nigeria, na Indianapolis, Marekani, ulitumia kipimo chenye sehemu mbili: maswali kwa mzee, na maswali kwa jamaa anayeishi naye. Je, bado anajua njia ya nyumbani? Bado anapika kama zamani? Matokeo ya mwaka wa 2001 yaliwashangaza wengi. Kila mwaka, wagonjwa wapya wa demensia walikuwa asilimia 1.35 ya wazee kule Ibadan, na asilimia 3.24 ya wazee Wamarekani weusi kule Indianapolis. Asili yao inakaribiana ila maisha ni tofauti. Basi ikaonekana kwamba huenda namna ya kuishi ina nguvu kubwa katika jambo hili.

Jirani zetu Watanzania nao hawakubaki nyuma. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walizunguka vijiji sita na kuwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Waligundua kwamba takriban 6 kati ya kila wazee 100 wana demensia. Baadaye walitengeneza kipimo kifupi cha alama 15 kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hueleza daraja ni nini, hukumbuka orodha ya maneno, na hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Njiti za kiberiti! Hakuna shosho asiyezijua.

KISWAHILI KINAINGIAJE?

Wanachama wa chama chetu, tegeni sikio. Swali la utafiti likitafsiriwa vibaya, utafiti wote umekwenda na maji. Kwa hivyo mtu mmoja hutafsiri swali, na mwingine asiyeliona la kwanza hulirudisha katika lugha ya awali. Kisha maswali mawili hulinganishwa. Fauka ya hayo, mzee hasemi, "Nina sonona." Atasema moyo wake ni mzito, au anafikiria sana. Mtafiti asiyejua lugha ya watu ataandika kwamba mzee hana neno, na mzee atarudi nyumbani na mzigo wake.

KENYA YETU

Hapa nchini, mwanasaikolojia Elizabeth Mutunga alianzisha shirika la kusaidia familia zenye demensia baada ya baba yake mwenyewe kupatwa nayo. Huko Makueni, Dkt. Christine Musyimi na wenzake, katika shirika lililoanzishwa na Profesa David Ndetei, wametafiti jinsi wanakijiji wanavyouelewa ugonjwa huu na namna ya kupunguza aibu yake.

Kazi hiyo si ya mchezo. Mnamo Mei 2008, wazee 11 waliteketezwa Kisii wakishukiwa uchawi. Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa huko Marani, Kisii, kwa shutuma iyo hiyo. Mzee anayetangatanga usiku akisema peke yake anaweza kuitwa mchawi kwa urahisi. Pale ambapo jirani ameona uchawi, mtafiti ameona ubongo unaougua, na tofauti ya macho hayo mawili yaweza kuwa uhai wa mtu.

TUFANYE NINI?

Demensia nyingi bado hazina tiba ya kuziponya, lakini ripoti ya wataalamu ya mwaka wa 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, yakiwemo elimu duni, shinikizo la damu, kutosikia vizuri, sigara na upweke. Mengine tunayaweza leo: kumpeleka guka akapimwe shinikizo, kukaa naye, kumsikiliza. Akikosea jina lako, mtajie polepole. Usibishane naye, usimcheke.

Nawe unayetamani kazi hii, soma biolojia, hesabu na Kiswahili kwa bidii. Chuoni utasomea saikolojia, kisha miaka mingi ya utafiti itafuata. Tena sheria ya mwaka wa 2014 inataka wanasaikolojia wasajiliwe, si kila mwenye kibao barabarani.

MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili.
2. Kwa nini njiti za kiberiti zinafaa kuliko kalamu katika kipimo cha Hai?
3. Muulize mzee wa kwenu neno analotumia kusema "moyo mzito" kwa lugha ya mama. Liandike, ulilete chamani.