Leza Inayozaliwa Hewani

Leo tujifunze habari za leza. Leza ni mwanga mwembamba wa rangi moja. Hautawanyiki upesi kama ule wa tochi.

Leza nyingi hutengenezwa ndani ya chombo. Lakini mwaka 2011 Arthur Dogariu, Richard Miles na wenzao wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliitengeneza hewani.

Walifanyaje? Walipiga leza isiyoonekana kwa macho, wakaikusanya mahali padogo hewani. Pale oksijeni, iliyomo katika hewa hii tunayovuta, ikavunjika na kutoa leza mpya iliyorudi kwao.

Faida yake nini? Mwanga unaorudi waweza kuleta habari: hewa ina sumu? Ina dalili za baruti? Nia ni mtu apime bomu akiwa mbali, asipoteze maisha.

Swali: Leza mpya ilitoka katika kitu gani?