Kabla ya Kuwajibu Wote

Katika somo hili tunatazama adabu ya barua pepe za kundi, zile ambazo ujumbe mmoja huwafikia mafrateri wote, au kamati nzima ya parokia, kwa mara moja.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kiongozi wetu alituandikia sote kudai mchango. Mwenzetu mmoja akataka kumweleza yeye peke yake kwamba frateri fulani asidaiwe, kwa kuwa baba yake alikuwa amefungwa gerezani. Nia ilikuwa njema, ila jibu lilikwenda kwa wote. Sisi nasi tukaongeza ubaya: kila mmoja aliandika kumpa pole ndugu yule, tena mbele ya kundi zima, na kila pole ilibeba chini yake ile barua ya kwanza. Siri ya familia ikasambazwa upya kila tulipofariji. Hakulalamika. Alikuwa anakula haraka na kuondoka mezani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2491, yafundisha kwamba habari za faragha zinazoweza kumdhuru mtu zisitolewe bila sababu nzito, hata kama hatukuapishwa kuzitunza. Kwa hiyo tusome mstari wa anwani kabla ya kutuma. Makundi mengine yamepangwa hivi kwamba hata jibu la kawaida huenda kwa wote, bila kubonyeza kitufe kingine. Lililo la mtu mmoja liandikwe katika barua mpya.

Tukijibu, tubakize mistari michache tu tunayoijibu, mingine tuifute. Ushauri huu si mgeni: umo katika mwongozo wa adabu za intaneti uitwao RFC 1855, wa Oktoba 1995, unaosema pia kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu ni kama kupiga kelele. (Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wagalatia kwa herufi kubwa, Gal 6:11, lakini yeye hakuwa akimfokea mtu kwa kibodi.) Mada ikibadilika, kichwa cha barua nacho kibadilike. Na "Amina" arobaini hazihitajiki.

Gumu zaidi ni hasira. Barua haina uso wala sauti. Utani wa mezani ukiandikwa huonekana tusi. Namba 2478 yatutaka tuyapokee maneno ya jirani kwa maana iliyo njema kadiri inavyowezekana, na tusipoelewa tumwulize mwenyewe. Sisi tumezoea kuandika jibu kwanza na kuacha nafasi ya anwani wazi hadi baada ya Masifu ya Jioni. Mengi hayatumwi.

Na aliyekwisha kukosea? Asiwaandikie wote barua ndefu ya kujitetea, maana wasiosoma ya kwanza wataitafuta. Mwenzetu yule alizima kompyuta, akavuka uwanja, akagonga mlango wa chumba cha ndugu yake.