Mlango wa Kizazi Wakati wa Ujauzito
Katika miezi mingi ya ujauzito mlango wa kizazi hubaki umefungwa, urefu wake ukiwa takriban sentimita 3 hadi 4. Ute mzito huuziba, viini vya magonjwa visimfikie mtoto. Siku za kujifungua zikikaribia, mlango hulainika zaidi, hufupika na kuanza kufunguka hadi sentimita 10.

Ukianza kufunguka kabla ya wiki 37, mtoto anaweza kuzaliwa njiti. Dalili zake akina mama wengine huziita uchovu wa shamba: mgongo kuuma kwa vipindi, tumbo kukaza, ute wenye damu au maji kutoka. Mama, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali mara moja, hata usiku, na ubebe kijitabu chako cha mama na mtoto.