Chaja zimedoda, kumbe habari ilitoka mapema

Wewe unayeuza chaja na kava kwa status hapo Rwamgasa, hii inakuhusu.

Mwisho wa 2023 nilichukua Kariakoo mzigo wa waya za iPhone, zile za zamani. Mpaka leo zinatoka moja moja, hela imelala. Kosa ni langu. Oktoba 2022 Umoja wa Ulaya ulishapitisha sheria ya simu zote kutumia Type C. Septemba 2023 iPhone 15 ikatoka na Type C. Miezi 11 ya kujipanga, mimi nimelala!

Sasa hivi kila Februari au Machi nafuatilia maonyesho ya simu ya Barcelona, na Septemba uzinduzi wa Apple. Siangalii video ndefu, zinamaliza bando bure. Nasoma muhtasari tu, nikitafuta kama tundu la chaji limebadilika na kamera zimekaaje, maana kava inafuata kamera.

Ila usikurupuke. Simu mpya inachelewa kufika machimboni, na kitochi cha mchimbaji hakijui sheria ya Ulaya. Kabla hujaagiza, waulize wateja wako kumi wa mwisho wanachajia waya gani, andika kwenye daftari, ndo utume hela.