Kuchagua Aina ya Linux kwa Seva ya Tovuti: Mfano wa Bonde la Kilombero

Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero hachagui mbegu kwa uzuri wa jina. Hutazama kwanza shamba lake: je, lina mfereji wa kumwagilia, au linategemea mvua na maji ya mto? Ndipo huamua kama atapanda Supa, yenye harufu nzuri lakini yenye kuchelewa kukomaa, ama SARO 5, inayowahi na kuzaa kwa wingi. Zote mbili ni mpunga. Tofauti yake huonekana shambani, tena baada ya miezi.

Mambo ni hayo hayo kwa mwalimu wa Ifakara au Mlimba anayetaka kusimika seva ya tovuti ya shule yake. Ataambiwa kwamba programu endeshi inayofaa ni Linux, na hilo ni kweli. Lakini Linux zipo nyingi, na katika makala haya tutaeleza namna ya kuichagua inayofaa.

Linux, kwa maana iliyo sahihi, ni kiini tu: ni ile sehemu inayogawa kumbukumbu, muda wa prosesa na nafasi ya diski kati ya programu mbalimbali. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida. Kwa hiyo vikundi na makampuni hukichukua, hukiongezea maelfu ya programu nyingine, hupanga utaratibu wa kuzirekebisha, kisha hutoa mkusanyo mzima wenye jina lake, kama vile Debian (1993), Ubuntu (2004), au Red Hat na jamaa zake. Mafundi huita mikusanyo hiyo "distro". Sisi tutaiita aina za Linux.

Paneli ya kudhibiti, nayo, ni programu inayosimikwa juu ya Linux ili kazi za seva ziendeshwe kwa kubonyeza ndani ya kivinjari: kufungua tovuti mpya, kuunda anwani za baruapepe, kubadili nywila, kuchukua nakala za akiba. Bila paneli, mwalimu angelazimika kuandika amri moja moja. Paneli humwondolea kazi hiyo, lakini pia humfunga. Sababu ni kwamba paneli ndiyo inayoandika mafaili ya mipangilio, nayo imezoea kuyakuta mahali fulani kwa majina fulani. Programu ya Apache, kwa mfano, huitwa apache2 katika jamii ya Debian, na httpd katika jamii ya Red Hat. Ndiyo maana kila paneli huja na orodha ya aina za Linux inazozikubali, na nyingi hutaka zisimikwe juu ya Linux mpya isiyowekewa kitu kingine.

Hapa naomba nieleze kosa langu mwenyewe. Mwaka 2020 niliombwa na shule moja ya sekondari ya bondeni niwasaidie kusimika seva ya matangazo, matokeo ya mitihani na baruapepe za walimu. Nilichagua CentOS toleo la 8. Sikuchunguza sana. Nilikuwa nimesomea shahada ya udaktari ng'ambo, katika maabara ambamo kila seva ilikuwa CentOS, nami nikarudi nyumbani na mazoea hayo kama mtu anayerudi na koti la baridi. Tena niliahidiwa, kama ulimwengu mzima ulivyoahidiwa, kwamba toleo hilo lingetunzwa hadi mwaka 2029.

Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba utunzaji wa CentOS 8 ungekoma tarehe 31 Desemba 2021. Miaka minane na ushei iliyobaki ikawa mwaka mmoja. Mwanafunzi aliyeingia Kidato cha Kwanza Januari 2020 alikuwa bado hajaingia Kidato cha Tatu wakati seva ya shule yake ilipobaki bila mtunzaji.

Baadhi ya wasomaji watauliza: kuna ubaya gani, ikiwa kompyuta inaendelea kuwaka? Inaendelea, naam. Lakini kila mwezi hugunduliwa nyufa mpya katika programu, na watunzaji hutoa viraka vya kuziziba. Ufa ukishatangazwa, wavamizi nao huusoma, nao hutuma programu za kupapasa kila anwani ya intaneti duniani bila kujali kama ni ya benki au ya shule. Seva isiyopata viraka ni nyumba ambayo ramani ya mlango wake mbovu imebandikwa sokoni. Ndani ya nyumba ile tulikuwa tumeweka majina ya watoto, alama zao na namba za simu za wazazi. Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika nchini, na shule inayotunza taarifa za namna hiyo inapaswa kuzilinda.

Desemba 2021 nilipanda basi kupitia Mikumi na Kidatu hadi Ifakara. Tulichukua nakala ya akiba ya kila kitu katika diski ya nje, kisha tukaihamisha seva kwenda AlmaLinux, aina mpya iliyotolewa Machi 2021 ili kujaza pengo hilo. Nyingine ya namna hiyo, Rocky Linux, ilitoka Juni mwaka huo huo. Kuhama kwenyewe kulichukua mchana mmoja. Baruapepe ziligoma kwa siku mbili.

Tangu siku hiyo huanza na swali la paneli, kisha miaka, na jina la Linux huja mwisho. Paneli ya cPanel, inayotumiwa sana na makampuni ya kuhifadhi tovuti, hulipiwa kila mwezi, na tangu mwaka 2019 bei yake hupanda kadiri akaunti zinavyoongezeka. Hiyo hukubali AlmaLinux, CloudLinux na baadhi ya matoleo ya Ubuntu, Debian haimo. HestiaCP ni ya bure, nayo hukubali Debian na Ubuntu tu. Virtualmin, yenye toleo la bure, hukubali jamii zote mbili.

Kuhusu miaka, AlmaLinux 9 iliyotoka mwaka 2022 itapata viraka vya usalama hadi Mei 2032. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, ambayo hutoka kila baada ya miaka miwili, hutunzwa kwa miaka mitano bila malipo. Debian nayo hufikia miaka mitano. Fedora hutunzwa kwa miezi 13 hivi. Ni nzuri kwa meza ya mwanafunzi mdadisi, lakini haifai kabisa kwa seva.

Halafu kuna kompyuta yenyewe. Shule zetu nyingi hupata mashine zilizokwisha tumika, na jambo hili vitabu vya kigeni hulipita kwa haraka. Red Hat 10 na Rocky 10 hudai prosesa yenye maagizo yaitwayo AVX2, ambayo Intel ilianza kuyaweka mwaka 2013. Mashine ya mwaka 2011 itakataa kuwaka nayo. AlmaLinux 10 imetoa toleo la pekee kwa prosesa za zamani, na Debian huzikubali bila masharti hayo.

Mwisho ni njia ya mawasiliano. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti nchini ikazorota. Viraka vingi hutoka ng'ambo. Kwa hiyo ni busara kuweka katika shule kompyuta moja inayohifadhi nakala ya vifurushi vilivyokwisha pakuliwa, ili mashine nyingine zisivivute upya. Kwa Debian na Ubuntu, programu ndogo iitwayo apt-cacher-ng hufanya kazi hiyo vizuri.

Kwa shule ya bondeni yenye tovuti mbili tatu, mimi leo ningesimika Debian pamoja na HestiaCP. Miaka yake ni michache kuliko ya AlmaLinux, nakiri. Lakini Debian haimilikiwi na kampuni yoyote. Huendeshwa na watu wa kujitolea, na hakuna bodi ya wakurugenzi inayoweza kuifunga kwa tangazo la asubuhi moja. Anayefungua biashara ya kuuza nafasi za tovuti mjini Ifakara, ambaye wateja wake wamezoea cPanel, achukue AlmaLinux.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Katika kompyuta yoyote ya shule yenye Linux, waandike amri cat /etc/os-release na kunakili jina na toleo. Kisha waandike lscpu na kutafuta neno avx2 katika majibu. Watafute tarehe ya mwisho ya utunzaji wa toleo hilo, wahesabu miezi iliyobaki, na waeleze kama mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza mwaka huu atamaliza Kidato cha Nne kabla ya tarehe hiyo au baada yake.